Pumzi Iliyobaki Kwenye Kanda

“Sema tena, Wiam. Sauti ya nani?”

“Ya mama yako, Bassam. Wallahi, ya mama yako Hafidha.”

Kwa mbali Wiam alisikia zikinguruma mashine za kiwanda cha gesi alikofanya kazi Bassam, kule Sur, Oman.

“Bassam? Uko?”

“Niko.” “Mama yangu hana hata video. Picha anazo, na zote kafumba mdomo. Tangu utotoni najiuliza alikuwa akisemaje, sauti yake nene au nyembamba. Una hakika ni yeye?”

“Bibi wa Kizungu anamuuliza jina, anajibu, ‘Hafidha.’ Anaulizwa na mtoto ni nani, anasema, ‘Huyu Bassam, mwanangu wa mwanzo.’ Kisha anaanza kuimba. Nimefika hapo tu, furaha ikanishinda, nikakupigia.”

“Usinisikilizishe kwa simu. Alhamisi nakuja Nizwa, nataka nikae chini nimsikie vizuri. Wiam…”

“Naam.”

“Umenipa mama. Mimi nitakupa nini?”

“Nipe harusi,” Wiam akacheka. “Inanitosha.”

Haraka ya furaha nayo ni haraka. Laiti msichana huyu angesikiliza kanda mpaka mwisho kabla ya kushika simu, labda angenyamaza, na sisi tusingekuwa na la kusimulia.

Kanda yenyewe ilitoka Uingereza. Mwaka ule wa tisini na kitu, mtunzi mmoja wa muziki, Gerald Whitcroft, mtoto wa mpiga kinanda wa kanisa, alikuja Oman kufundisha bendi ya jeshi. Siku za mapumziko hakwenda kuogelea kama wenzake. Alipanda gari lake akaenda Ibra kutafuta nyimbo za watu. Nyimbo za wanaume alizinasa mwenyewe. Kwa wanawake hakuweza kuingia, kwa hiyo yeye alibaki barazani akinywa kahawa na wazee, na mkewe Margaret ndiye aliyepita nyuma ya pazia na kinasa sauti mkononi.

Nyuma ya pazia moja Margaret alimkuta mwanamke wa Kizanzibari anambembeleza mwanawe. Whitcroft hakumwona mwanamke yule hata siku moja, lakini alirudi kwao akaizungushia sauti yake fidla zaidi ya ishirini, akaiita kazi hiyo “Pazia”. Ndiyo iliyompa jina. Ilipigwa kwenye kumbi kubwa, watu wakalia wasijue wanalilia nini, naye akavishwa nishani. Sasa ni kizee, mkewe kafa, na masikio yake yamezima kabisa, hata muziki wake mwenyewe anausoma tu kwenye karatasi. Watu wa kwao walikuwa wanaandika kitabu cha maisha yake, wakamtafuta mtu wa kuwatafsiria kanda za zamani zenye Kiswahili. Wakampata Wiam binti Amur, mwalimu wa Kiingereza wa Nizwa, mzaliwa wa Ibra, wa jamaa waliotoka Zanzibar.

Na Wiam ndiye mke wa Bassam. Milka ilikuwa imeshafungwa, yaani kisheria walikuwa mume na mke, imebaki harusi yenyewe Ijumaa ya wiki ya pili. Lakini nyumba ya mzee Amur ina ada zake. Bibi harusi havui shela mbele ya mume mpaka usiku wa harusi. Bassam alikuwa akimtania, “Ukitokea una kipara je?” na Wiam humjibu, “Umeshaoa, baba. Duka halirudishi mali.”

Baada ya simu ile, Wiam alivaa tena hedifoni akaendelea pale alipoachia.

Hafidha aliimba, akiutaja mfereji wa maji wa Ibra, falaji:

*Lala mwana lala, maji ya falaji yalale,*
*Kesho baba yuaja na tende, ukue nawe uzile.*

Wimbo ukaisha. Hafidha akavuta pumzi. Margaret aliitwa nje, viatu vyake vikasikika vikienda, chombo akakiacha kinazunguka. Kisha ukaingia mlio wa mtoto mwingine, mlio wa njaa, na sauti ya mwanamke mtu mzima.

“Hafidha mwanangu, nisitiri. Ghaniya bado yuko hospitali Maskati, na huyu maziwa ya kopo kayakataa tangu jana. Atanifia mikononi.”

Wiam aliijua sauti ile. Ilikuwa ya bibi yake mzaa baba, Bi Khole, na huyo Ghaniya ni mama yake Wiam.

“Mlete, Bi Khole. Njoo, Wiam, njoo mama. Bassam, mpishe mwenzio.”

Mlio ukakatika pale pale. Ikabaki sauti ndogo ya mtoto anayemeza kwa pupa.

“Tazama anavyovuta, maskini! Bismillah, nyonya mwanangu.”

“Usimwambie Ghaniya. Wa mwanzo alimfia, na kwa huyu maziwa hayakumtoka. Akisikia kanyonyeshwa na mwingine ataona si mama wa kitu.”

“Bi Khole, hili si la kufichwa. Watoto hawa watakuja kuwa watu wazima.”

“Nitalisema mwenyewe. Si leo.”

Wiam alivua hedifoni akaziweka juu ya meza polepole. Maneno yale hayakumhitaji mfasiri. Kwa sheria ya dini, mwanamke akikunyonyesha ungali mchanga, huyo ni mama yako, na watoto aliowazaa ni ndugu zako. Katika madhehebu yao hawahesabu mara ngapi wala kiasi gani. Bassam alikuwa kaka yake, na ndoa yao haramu.

Na waliokuwamo mle chumbani wote walikuwa udongoni. Hafidha na mumewe walikufa pamoja kwa ajali ya gari njia ya Sinaw, Bassam hajaanza kutembea. Bi Khole alipigwa na kiharusi, akaishi miaka bila ulimi, akazikwa na siri yake. Mzee Amur akaihamishia familia Nizwa. Duniani alibaki mtu mmoja anayejua, naye ana nguo ya harusi kabatini.

Mama yake aliingia na chai.

“Yakhe, mbona umepauka? Una nini?”

“Mama, ulipokuwa hospitali Maskati, mimi nilinyweshwa nini?”

“Kopo. Bibi yako alihangaika na wewe, Mungu amrehemu. Nilivyorudi nimekukuta umenona, nikaona haya, nikasema hata sikuhitajika.” Ghaniya akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. “Kwa nini waniuliza?”

“Basi tu, mama.”

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata sasa alikuwa Wiam. Alitafuta wa kumwambia, asimpate. Mwisho akamwandikia kizee kiziwi wa Uingereza, kwa Kiingereza, kwa sababu yuko mbali na hamjui mtu.

*“Bwana Whitcroft, baada ya wimbo kuna mazungumzo. Mbona kwenye muziki wako hayamo?”*

*“Niliyakata. Wakati huo nilikuwa nasikia bado, nikadhani maneno yanauharibu wimbo. Wanasema nini?”*

Wiam akamweleza yote.

*“Kwa hiyo nilichokitupa chini ya meza ndicho kilichokuwa na uzito. Nakuonea huruma, binti.”*

*“Kanda ya asili iko kwako. Naomba ufute maneno hayo.”*

*“Mimi nilikata mara moja nikavishwa nishani. Mara ya pili kata wewe. Ukiniambia niichome kanda nitaichoma, lakini neno litoke kwako. Na jambo jingine: kitabu kinataka jina la mwimbaji. Miaka yote ameitwa ‘mwanamke wa Ibra’. Tumwandike nani?”*

Wiam aliuweka kando ujumbe ule. Alifungua nakala ya kanda kwenye simu yake, akaivuta mpaka mwisho wa wimbo, akakata. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi mno, na hilo ndilo lililomtisha.

Alhamisi Bassam alifika na kanzu ya safari imekunjamana. Aliketi majlisi, chumba cha wageni, mzee Amur kando yake, Wiam na mama yake upande wa pili. Hafidha alipoanza kuimba, Bassam aliinamisha kichwa. Mabega yakawa yanamtikisika. Wimbo ulipokwisha alijifuta uso kwa kilemba.

“Sauti nyembamba,” alisema. “Nilidhani nene.”

“Allah amrehemu,” alisema mzee Amur.

“Wiam, ndiyo yote?”

“Ndiyo yote.”

“Hakuna hata neno jingine? Hata akikohoa?”

“Hakuna, Bassam.”

Alimwamini, kwa nini asimwamini? Wakati wa kuaga, uani, wimbo ushatumwa kwenye simu yake, Bassam alimshika mkono kwa mara ya kwanza tangu milka. Wiam aliuvuta mkono wake haraka, Bassam akadhani ni haya ya bibi harusi, akatabasamu. Msichana alikwenda bafuni akasugua kiganja kwa sabuni mpaka kikawa chekundu, huku akilia bila sauti.

Zile siku zilizofuata alikuwa akila kidogo na kusema kidogo. Shangazi zake wakasema ni hofu ya harusi. Kila akitaka kusema aliiona nguo ile, na kadi zilizokwisha gawiwa toka mji wa Fanja mpaka mji wa Adam, akanyamaza. Tena alimpenda Bassam. Tusimhukumu upesi, yeyote kati yetu angelikata faili ile.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Siku ya hina wote walikuwa Ibra, nyumbani kwa Bimdogo, mama yake Hafidha, aliyemlea Bassam. Wiam alikuwa kakunjua mikono aanze kuchorwa, simu yake ikalia.

*“Toka uani kidogo. Nina swali.”*

Alimwomba mchoraji amngoje, akatoka. Bassam alikuwa amesimama karibu na mtende, simu sikioni.

“Nimesikiliza mpaka nimeuhifadhi,” alisema. “Nimempa na Bimdogo, kalia, kasema, ‘Mwanangu huyo.’ Lakini sikia hapa, mwishoni. Wimbo ushakwisha. Mama anavuta pumzi. Hiyo si pumzi ya kunyamaza, Wiam. Ni ya mtu anayetaka kusema. Kisha inakatwa. Nani kakata?”

“Mzungu alikata, kwa ajili ya muziki wake.”

“Basi muulize kabakisha wapi! Hata kama mama anasema ‘leteni maji’, mimi nayataka hayo ‘leteni maji’.”

Wiam alimtazama. Alikuwa na uso wa mtoto anayengoja kuchukuliwa shuleni. Akajua kwamba akiolewa, ataishi naye miaka yote akiwa amemfungia mama yake nje ya mlango.

“Bassam, mimi ndiye niliyekata.”

“Wewe?”

“Ninayo yote. Ukiisikia, harusi hakuna.”

“Unasema nini weye?”

Wiam alifungua faili nzima akampa. Bassam alisikiliza wimbo, akasikia pumzi, akasikia yaliyokuja baada yake. Wiam aliuangalia uso wake ukibadilika, kutoka furaha ya kumsikia mama akizungumza mpaka kufahamu anachokizungumza.

“Tangu lini unajua?”

“Tangu siku niliyokupigia. Baada ya kukata simu.”

“Nikaja Nizwa. Nikakuuliza mbele ya baba yako. Ukanitazama machoni.”

“Nilikuwa sitaki kukupoteza.”

“Nimekushika mkono, Wiam!” Alirudi nyuma hatua moja. “Ungenambia nisikushike!”

“Nisamehe.”

Alizunguka mtende, akarudi. Aliposema tena sauti ilikuwa ya chini, ya kubembeleza.

“Ifute.”

“Bassam…”

“Nani anajua? Mzungu kiziwi. Bi Khole kafa, mama kafa. Ifute, twende ndani upakwe hina, Ijumaa tuoane. Mungu ni Mwingi wa kusamehe.”

“Mimi najua. Na wewe sasa unajua. Watoto tutakaowazaa tutawaitaje?”

Bassam akafunika uso kwa mikono. Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, hawajui kama bibi harusi hana tena harusi.

Alasiri Sheikh Marzouq aliitwa. Walikaa chumba cha ndani, mlango umefungwa: sheikh, mzee Amur, Ghaniya, Bimdogo, na wao wawili. Kanda ilipigwa. Iliposikika sauti ya Bi Khole, mzee Amur alisema “La ilaha illa Allah” akainamisha kichwa. Ghaniya alilia kwa kwikwi.

“Angeniambia tu! Ningekwenda kumshukuru yule mwanamke. Ningemwosha miguu. Nani kawaambia mimi ningeona wivu mwanangu kushiba?”

“Nyamaza, Ghaniya,” alisema mzee Amur.

“Sinyamazi! Kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapa.”

Sheikh aliinua mkono. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alionekana hakuipenda kazi ya siku ile.

“Sikilizeni. Sheria ya kunyonya mnaijua. Lakini kanda si shahidi. Siku hizi watu wanatengeneza sauti za maiti kwa kompyuta, na mimi sikumjua marehemu. Bimdogo, ulimzaa wewe. Huyu ni Hafidha?”

Bimdogo husikia nyumba ya tatu wakinong’ona. Aliiangalia simu, akamwangalia mjukuu wake aliyemlea kwa mikono yake.

“Sheikh, mie masikio yashazeeka. Sijui.”

“Juzi uliisikia ukalia, bibi,” alisema Wiam polepole.

“Nililia kwa kuwa wimbo ni mzuri. Niache, mwanangu.”

Alikuwa anamwachia mjukuu wake mlango wazi, na kila mtu mle chumbani aliuona. Sheikh naye aliuona. Akamgeukia Bassam.

“Basi nakuuliza wewe. Moyo wako unasadiki kuwa huyu ni mama yako? Ukisema si yeye, naondoka, na Ijumaa nitakuja kula harisi ya harusi. Mzigo utakuwa wako mbele ya Mola wako. Ukisema ni yeye, ndoa haipo.”

Bassam alimtazama Wiam. Alikuwa ameketi mikono mapajani, viganja vitupu bila hina. Moyoni Wiam alikuwa akisema, sema si yeye, na papo hapo akisema, usimkane. Hakujua lipi analiomba kwa nguvu zaidi.

“Bassam,” sheikh alisema, “nangoja.”

“Ni mama yangu.”

Bimdogo akapiga ukelele kama wa msibani.

“Nimemtafuta maisha yangu yote, sheikh,” Bassam aliendelea, machozi yanamtiririka ndevuni. “Siwezi kumkana siku niliyompata.”

“Hamjaingiana?”

“Hapana.”

“Alhamdulillahi. Basi ndoa haikuwapo tangu mwanzo, wala hakuna talaka. Huyu ni dada yako, na wewe Wiam, huyu ni kaka yako. Ni maharimu wako, jamaa wa karibu msioweza kuoana. Unaweza kusafiri naye peke yenu, unaweza kukaa naye, hata shela huhitaji tena mbele yake.”

Wote wakamwangalia Wiam, bila ya kukusudia. Miezi yote aliungoja usiku wa kuivua shela ile. Sasa ameambiwa ni halali, hapa, mbele ya watu. Aliishika kwa mikono miwili akaivuta mbele, akajifunika mpaka uso, akabaki hivyo akilia ndani yake.

Jua lilipoanza kupungua, wageni walikuwa wameshaambiwa na sufuria zimefunikwa. Mzee Amur alibaki kuzungumza na Bimdogo, Ghaniya kalala na presha. Bassam alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi.

“Nikurudishe Nizwa?” aliuliza, kisha akaongeza neno lile, na lilimtoka kwa shida. “Dada.”

“Nirudishe.”

Siku zile za uchumba walikuwa hawaendi popote bila mtu wa tatu, wakiibiana macho kwenye kioo cha gari la mzee Amur. Leo hakuna aliyeuliza wanakwenda wapi. Bassam alimfungulia mlango wa mbele. Wiam alipita, akafungua wa nyuma, akaketi huko.

Walifika karibu na Izki, njia ya Nizwa. Kisha Bassam akaunganisha simu yake, ambayo sasa ilikuwa na kanda nzima, na redio ya gari, sauti ya Hafidha ikajaa garini. Aliimba, akavuta pumzi, na safari hii hakuna aliyemkata. *Njoo, Wiam, njoo mama. Bassam, mpishe mwenzio.*

“Anakuita vizuri,” alisema Bassam, macho barabarani.

Simu ya Wiam ilikuwa mapajani mwake, na ujumbe wa kizee ulikuwa bado pale, unangoja. Aliandika:

*“Usiichome kanda.”*

Whitcroft akajibu upesi, pengine alikuwa ameketi na simu mkononi muda wote:

*“Sitaichoma. Mkiniruhusu, nitayarudisha maneno mahali pake kwenye muziki. Sitayasikia, lakini nitajua yapo. Na jina, binti? Mwimbaji tumwandike nani?”*

Mbele yake aliyaona mabega ya Bassam, na mkono wake ukibonyeza redio ili mama yao aanze tena. Wiam akafuta machozi kwenye kioo cha simu ili herufi zionekane, akaandika:

*“Hafidha. Mama wa Bassam na Wiam.”*